Ndumilakuwili Yupi wa Kweli?

Philip Ndunguru alipofariki mwaka 1986, wahusika aliowachora katika SANI hawakuzikwa naye. Ndumilakuwili na Lodilofa waliendelea kuchorwa na mikono mingine. Huku Songea, ambako jina la Ndunguru ni la nyumbani, wapo wasomaji wanaoshikilia kwamba yote yaliyofuata ni bandia. Eti mstari si ule! Mimi sikubali. Mhusika huyu amebebwa na jina lake: nyoka anayeuma huku na huku. Mchoraji yeyote anayemwonyesha akiwalaghai wawili kwa mpigo, kila mmoja akimdhania ni wake, amemwendeleza. Akimfanya mpumbavu wa kuchekwa tu, basi kamuua, hata kama ameuiga mkono wa Ndunguru nukta kwa nukta.