Pumzi ya Chokaa

Ukipita mashamba ya Unguja ukakuta mawe ya matumbawe yamerundikwa juu ya magogo ya minazi, usidhani ni mabaki ya ujenzi. Ni tanuu la chokaa. Magogo hupangwa duara, vichwa vikitazama kati, na katikati huachwa tundu la kutilia moto. Upangaji ndio kazi yenyewe. Moto ukishashika, binadamu hana la kuongeza.

Jiwe la matumbawe ni chokaa iliyofungiana na gesi ya ukaa. Ili iiachie, yataka joto la nyuzi 900 hivi, na yataka upepo pia: gesi ikitanda juu ya mawe, jiwe hugoma kutoa iliyobaki. Kilo 100 za jiwe safi hushuka zikawa 56. Zile 44 zimekwenda angani. Mzani wa fundi ni kiganja. Huokota jiwe lililopoa, akalirusharusha mkononi. Likiwa jepesi kuliko umbo lake, limeiva. Likiwa zito, kiini ni kibichi, huliweka kando lisubiri tanuu jingine.

Wakemia wana kisa cha aina hii, ila chao ni cha hidrojeni. Mwaka 1866 Thomas Graham, Mskoti aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba paladi humeza hidrojeni zaidi ya mara 600 ya ujazo wake. Miaka 100 hivi baadaye ikaja aloi ya lanthani na nikeli, inayomeza na kutapika gesi hiyo kwenye joto la chumbani tu. Deni ni lilelile la tanuuni: gesi ikiingia joto hutoka, na ukitaka itoke ulipe joto. Kwa kila kiwango cha joto kuna shinikizo ambalo kuingia na kutoka hulingana. Chini yake gesi huondoka, juu yake hurudi. Aloi hiyo ikishiba huvimba, hupasuka, mwisho huwa unga.

Chokaa nayo huwa unga, lakini kwa maji. Jiwe lililoiva likimwagiwa, kwanza hunyamaza. Kisha ufa mmoja, mvuke, mlio kama wa mafuta kikaangoni, na jiwe zima huporomoka lenyewe. Kilo 56 zimekunywa 18 na kufunga safari ya kurudi. Fundi mwenye haraka huitumia wiki hiyohiyo. Fundi ninayemheshimu huilaza chini ya maji miezi, maana punje iliyoungua kupita kiasi huchelewa kunywa, na ikija kunywa ukutani hutoboa lipu.

Huko Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, kuta zimejengwa kwa matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Kuzipaka saruji ni kuziziba pua: unyevu hukosa njia, chumvi hujaa ndani, na lipu huanguka kwa vipande. Chokaa huruhusu ukuta upumue. Nayo yenyewe huvuta gesi ya ukaa kutoka hewani, kuanzia nje kuelekea ndani, polepole mno, hadi iwe jiwe tena.

Lakini haivuti ikikauka kabisa. Kwa hiyo asubuhi, kabla jua halijafika kichochoroni, fundi hurudi na ndoo na brashi, akaunyunyizia maji ukuta alioumaliza juzi.