Entebbe katika kibanda cha vidio

Filamu ya kuokoa mateka inauza wasiwasi: watatoka hai, hawatatoka? Sasa ipeleke ile ya Entebbe kwenye kibanda cha vidio Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako hata kijana aliyezaliwa miaka thelathini baada ya tukio lenyewe anajua kwamba makomando wa Israeli walikuja usiku, wakawachukua watu wao, wakaenda zao. Wasiwasi umekwisha kabla mlango haujafungwa. Hata hivyo watu wanalipa, wanabanana kwenye mabenchi na wanapiga kelele. Swali la kiufundi ni kelele hizo zinatoka wapi, kwa sababu hazitoki kwenye mwisho wa hadithi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France namba 139, iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris, ilitekwa baada ya kupaa Athens, ikapitishwa Benghazi, kisha ikatua Entebbe, Uganda, nchi iliyokuwa chini ya Idi Amin. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai ndege nne za Hercules zilitua na kuondoka na mateka 102. Kazi yote uwanjani ilichukua kama dakika tisini. Filamu zilifuata mbio mbio. Ya kwanza ilionyeshwa kwenye televisheni Marekani mwaka huo huo, na mbili zaidi, *Raid on Entebbe* na *Operation Thunderbolt*, zikatoka mwaka uliofuata.

Filamu iliyotia mizizi mitaani kwetu, hata hivyo, ni *Rise and Fall of Idi Amin* ya Sharad Patel, ya mwaka 1981, iliyopigwa hapa hapa Kenya. Ndani yake Entebbe ni kipande tu. Kinachobeba filamu nzima ni mwili wa Joseph Olita, Mkenya aliyefanana na Amin kiasi cha kutisha. Ukiitazama kwa jicho la ufundi utaona kasoro tele, na mengine yametiwa chumvi mpaka yakawa kijiko kizima. Lakini Olita alijua jambo moja ambalo waigizaji wenye majina makubwa walilikosa: Amin anachekesha kwanza, ndipo anatisha. Ukumbi unacheka naye, halafu kicheko kinakatika katikati, na kila mtu anajisikia amekamatwa akicheka. Mkato huo wa hisia unafanya kazi ambayo saa ya kuhesabu muda ingefanya kwa mtazamaji asiyejua mwisho.

Watazamaji wa kwanza walikuwa pia na deni lao na Amin. Februari 1976, miezi michache kabla ya uvamizi, alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Katika mitaa kama Makongeni, uliojengwa kwa wafanyakazi wa reli, madai hayo yaligusa mashamba ya wazazi na ndugu waliokuwa kazini ng'ambo ya mpaka. Mtu wa namna hiyo hapigi makofi kwa ajili ya Israeli. Anapiga kwa sababu Amin amefedheheshwa.

*7 Days in Entebbe* ya José Padilha, ya mwaka 2018, ina fedha zaidi na kamera bora, lakini kibandani inayumba. Padilha anatumia muda mwingi chumbani na waziri mkuu wa Israeli, Rabin, na waziri wake wa ulinzi, Peres, wakibishana kama wajadiliane na watekaji au la. Halafu, risasi zinapoanza, anakatakata uvamizi kwa dansi ya kundi la Batsheva: wachezaji wamekaa kwenye viti nusu duara, wanajirusha, mmoja anaanguka sakafuni tena na tena. Mimi naikubali hoja yake, kwamba taifa zima limefungwa kwenye viti vyake. Lakini aliyelipia kuona makomando anakiona kila kipande cha dansi kama amekatiwa stima, na sioni namna ya kumlaumu.

Hapo ndipo dijei wa muvi anapoingia. Kwa mtindo uliomfanya DJ Afro ajulikane nchi nzima, anapunguza sauti ya asili na kuweka yake, Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Wengi hudhani anatafsiri. Anachofanya hasa ni kuhariri upya bila kugusa picha. Kikao cha mawaziri anakigeuza kuwa ugomvi wa wazee wa ploti. Zaidi ya yote, anatangaza kitakachotokea kabla hakijatokea. Chukua ile Mercedes nyeusi ambayo makomando waliishusha kutoka kwenye ndege ili walinzi wadhani ni msafara wa Amin, ambaye siku zile alikuwa amekwenda mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Mauritius. Dijei mzuri atasema mapema: sasa huyu askari anadhani mdosi amerudi safari, mtazame anavyojipanga. Ukumbi unaangua kicheko gari likiwa bado mbali. Mkaazi wa Eastlands hahitaji kufafanuliwa kwamba gari la mkubwa halisimamishwi kizuizini. Kwa hiyo walinzi wanapoamua kulisimamisha, na risasi zinalia, mshtuko unakuwa mara mbili, ingawa kila mtu aliujua.

Hesabu hii hubadilika ukivuka kwenda Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, na *Captain Phillips* ya mwaka 2013, kuhusu meli ya Maersk Alabama iliyotekwa Aprili 2009 ikielekea Mombasa. Humo maharamia wanazungumza Kisomali, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Anayejua lugha anacheka kabla maandishi hayajamaliza kutokea, jirani yake anachelewa, na ukumbi unakuwa na mawimbi mawili. Barkhad Abdi, aliyepata tuzo ya BAFTA kwa nafasi ya Muse, anasikika kwa wale wa kwanza kama kijana wa mtaani aliyeingia deni la watu wabaya. Wanajeshi wa majini wa Marekani wanapofyatua risasi na kuwaua watatu, mateka ameokoka, lakini usitegemee makofi ya wote.

Nikirudi Entebbe, kipande ambacho ningemshauri mwongozaji wa hapa akianzie ni Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi. Hercules zile zilitua huko zikirudi, zikajazwa mafuta, na majeruhi wakahudumiwa. Amin aliwalipizia kisasi Wakenya waliokuwa Uganda, wengi wakauawa. Mei 1978 Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Kenya na ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyeifungua njia hiyo ya Nairobi, aliuawa kwa bomu ndani ya ndege iliyokuwa ikirudi kutoka Uganda. Hadithi hiyo ina lori la mafuta, usiku na watu wasiojua kesho italipwa na nani, na mwisho wake watazamaji wengi wa Kayole hawaujui.