Mamaye ni Nani? Methali, Hatia ya Mama na Mwana Aliyepotoka

Methali "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" aghalabu hufasiriwa kuwa onyo kwa mtoto. Fasiri hiyo haitoshi. Kisarufi, mtoto ndiye kiima lakini mtendaji ni mama. Baba hatajwi kabisa. Mwana akipotoka, lawama ina mahali pamoja tu pa kutua.

Hata hivyo, katika ujamaa wa Waswahili neno mama halikomei kwa aliyezaa. Yuko mama mkubwa, yuko mama mdogo, na binti alikuwa na somo wake. Methali, basi, ilinena juu ya malezi ya wengi.

Upande wa bara wa Mombasa, wengi hao wamepungua. Bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa Changamwe mwaka 1963 viliwavuta wafanyakazi kutoka mbali. Likoni na Kisauni nako, vyumba vya kupanga viliwakutanisha watu wasiojuana ukoo. Mama mkubwa yuko mbali, methali imebaki. Kijana akizama katika unga na kuitwa teja, anayeulizwa ni aliyemzaa peke yake. Akimfungulia mlango huambiwa amemdekeza. Akiufunga huambiwa hana uchungu.

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ingawa haisimulii Mombasa, inaitia methali hii majaribuni. Maimuna anatawishwa na babake, Maksuudi. Mamake, Bi Tamima, yumo katika kifungo kicho hicho. Tamima anapotalikiwa na Maimuna kutoroka, ulimwengu unamfunza binti kwa ukali. Lakini mama huyo aliachiwa nafasi gani ya kufunza? Msomaji anayemhukumu Tamima kwa kipimo cha methali hana budi kumsahau Maksuudi kwanza.

Inadhihirika kwamba hatia anayoibeba mama si lazima iwe ushahidi wa kosa lake. Yaweza kuwa athari ya lugha iliyomtaja yeye pekee. Ndiyo maana methali hiyo yafaa isomwe sambamba na nyingine: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Kimvita husema utungu, neno lilo hilo la kujifungua. Methali hii ya pili haimpi mama hukumu. Inakiri tu kwamba kufungamana kwake na mwana kulianza kwa maumivu, na kwamba maumivu hayo hayakomi mwana anapopotoka. Mhakiki anayezitenga methali hizi mbili humwachia mama lawama, akamnyima huruma.