Swali la kuoga: taarifa ya kipindupindu inavyomfikia daktari Rumonge

Kipindupindu kilipozuka mwaka 1992 katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, wachunguzi walikwenda Rumonge, wakachukua wagonjwa 56, wakawalinganisha na watu 112 wasiougua na kuwahoji wote. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1997: asilimia 37 ya hatari ilihusishwa na kuoga ziwani, asilimia 32 na kunywa maji yake. Vimelea vyenyewe vilipatikana katika maji ya ziwa.

Ninachokithamini hapo ni kwamba kuoga na kunywa viliulizwa kila kimoja peke yake. Ukimuuliza mvuvi "Unatumia maji ya wapi?", atakujibu "Ya bomba", na hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa ya kunywa huyachota bombani. Lakini jioni ileile ameoga ziwani na kusukutua mdomo humohumo. Mwenye nafasi ya kuuliza swali la pili ni muuguzi wa kituo cha afya, kwa sababu yeye ndiye aliye kando ya mgonjwa. Daktari yuko hospitali, wodi imejaa, na mgonjwa huyo kwake ni sauti ya simu tu.

Basi tuitazame simu yenyewe. "Dokta, nina mgonjwa hali mbaya, anaharisha sana, tufanyeje?" Kwa simu hii daktari ataanza kudodosa jambo mojamoja, na mgonjwa anazidi kukaukiwa maji. Sasa sikiliza hii:

"Dokta, nina mwanamume wa miaka 30, kilo 60 kwa kukadiria. Anaharisha maji meupe tangu alfajiri. Mpigo wa mkononi hausikiki, ngozi ya tumbo nikiifinya inarudi polepole mno, hawezi kunywa. Naona ni kipindupindu, amepungukiwa maji vibaya. Nimeanza dripu ya Ringer, lita 1.8 kwa nusu saa, kisha lita 4.2 kwa saa mbili na nusu. Maji ya kunywa anachota bombani, ila anaoga ziwani, na analala ufukweni na wenzake wanne. Naomba gari na dripu za ziada."

Haifiki dakika moja. Neno "vibaya" limekuja baada ya ushahidi wake, si badala yake. Umri umetangulia uzito kwa sababu kipimo ni mililita 30 kwa kilo, halafu 70, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa polepole zaidi: saa nzima kwa fungu la kwanza, saa 5 kwa la pili. Mpangilio wa hali, historia, tathmini na ombi hujulikana kama SBAR. Asili yake ni nyambizi za jeshi la majini la Marekani, na walioupeleka hospitalini ni watu wa shirika la afya la Kaiser Permanente.

Sehemu ngumu kuliko zote ni "naona". Wauguzi wengi hutaja dalili kisha hunyamaza, wakihofia kuonekana wanamfundisha daktari kazi. Nawaelewa, ila ukimya huo unamgharimu mgonjwa. Daktari naye ana wajibu wake: aulize "Wewe unaonaje?", angoje jibu, kisha arudie vipimo kwa sauti, maana simu ikikwaruza, 1.8 inaweza kusikika 8.

Na wale wenzake wanne? Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5 kujitokeza tangu mtu aambukizwe. Huenda usiku huu bado wako wazima, wanajiandaa kuingia ziwani. Ombi la kumtuma mhudumu wa afya wa mtaa awafuate na dawa ya kutibu maji na pakiti za chumvichumvi liingie katika simu hiyohiyo, kabla daktari hajakata.