Manowari Zilizozamishwa na Wenyewe: Ukweli wa Historia katika Filamu za Vita vya Rufiji na Ziwa Tanganyika

Mabingwa wa mambo ya meli watazamapo filamu ya vita vya baharini, kwanza huhesabu. Huhesabu dohani, huhesabu mizinga, hupima umbo la omo na la tezi, kisha hutoa hukumu kwamba meli ile ndiyo au siyo. Hesabu hiyo ina faida yake, wala haifai kudharauliwa, kwa maana manowari ni kitu cha chuma chenye tarehe na vipimo vinavyojulikana, na mtengeneza filamu hana ruhusa ya kuvibadili kama abadilivyo mavazi ya mchezaji. Lakini yako makosa mengine yasiyogunduliwa kwa kuhesabu. Hayo yamo katika jibu la swali jepesi: meli hii ilizamishwa na nani, na kwa kazi ya nani? Swali hilo ndilo linalofaa kuulizwa juu ya filamu mbili mashuhuri zilizochukua habari zake katika vita vya Afrika Mashariki, yaani The African Queen ya mwaka 1951 na Shout at the Devil ya mwaka 1976.

Ili hukumu iwe ya haki, hapana budi kwanza kupata kipimo, na kipimo hicho chapatikana katika filamu ya Waingereza, The Battle of the River Plate, iliyotengenezwa na Michael Powell na Emeric Pressburger mwaka 1956. Filamu hiyo yasimulia mapigano ya tarehe 13 Desemba 1939, baina ya manowari ya Kijerumani Graf Spee na manowari tatu zilizokuwa zikiiwinda karibu na pwani ya Amerika ya Kusini. Mwenye kuhesabu ataona kasoro mara moja. Graf Spee yenyewe ilikuwa na mizinga mikuu 6 katika minara 2. Meli iliyochukua nafasi yake ni Salem ya Marekani, yenye mizinga mikuu 9 katika minara 3. Kwa upande mwingine, Achilles, iliyopigana siku ile, ilijicheza yenyewe, ijapokuwa wakati huo ilikwisha kuuzwa kwa India na kuitwa Delhi. Basi kwa macho, filamu hii ni nusu kweli na nusu kuazima. Lakini juu ya jambo kubwa haikusema uongo. Tarehe 17 Desemba nahodha Langsdorff aliitoa meli yake katika bandari ya Montevideo, akailipua mwenyewe. Na katika filamu vilevile yalipuliwa na wenyewe, mbele ya watu waliokusanyika kutazama mapigano ambayo hayakutokea. Watengenezaji hawakuona haya kumaliza hadithi ya vita kwa meli isiyopigwa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba sinema haina njia ya kuonyesha mwisho wa namna hiyo.

Sasa yafaa kutazama mambo ya Rufiji. Königsberg ilikuwa manowari nyepesi ya Kijerumani yenye mizinga 10 ya sentimita 10.5, nayo ilifika Dar es Salaam mwaka 1914 chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ilipokuwa imetia nanga kwa matengenezo, ikaiangamiza. Baadhi ya mabaharia waliokufa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Baada ya hapo Königsberg iliingia katika delta ya Rufiji, na humo ikabaki. Haikuzuiliwa na manowari za Kiingereza peke yake. Ilizuiliwa na ubovu wa mitambo yake na upungufu wa makaa ya mawe. Vyombo vilivyoharibika vilifunguliwa, vikasafirishwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa, na safari hiyo ilifanywa kwa mabega na mikono ya Waafrika.

Waingereza nao hawakuweza kuingia, kwa kuwa manowari zao kubwa zilihitaji maji yenye kina kuliko yale ya mito ya delta. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, manowari bapa zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil ili zitumike mitoni. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikashindwa. Zikarudi tarehe 11 Julai, huku ndege zikiruka juu ya mikoko kuwajulisha wapigaji mizinga mahali makombora yaangukiapo. Siku hiyo Königsberg ilishika moto, na Looff akaamuru ilipuliwe kwa kichwa cha topedo ili isitekwe. Wala huo haukuwa mwisho wake. Mizinga yote 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu pamoja na mabaharia wake. Mmoja wao umesimama nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus.

Shout at the Devil, iliyoongozwa na Peter Hunt kutokana na kitabu cha Wilbur Smith, yachukua kisa hicho na kuipa meli jina la Blücher. Jina hilo ni la manowari halisi, lakini Blücher ya kweli ilizama tarehe 24 Januari 1915 katika Bahari ya Kaskazini, mbali kabisa na Rufiji. Kubadili jina si kosa. Ni ungamo la mtunzi kwamba asimulia hadithi. Tena filamu hii yastahili sifa moja, kwa kuwa yaonyesha vyuma vya kutengenezea meli vikiburutwa porini kwa nguvu za Waafrika, jambo lililo karibu na ukweli kuliko sehemu nyingine yoyote. Kosa lake limo katika mwisho. Meli yaangamizwa kwa bomu la saa lililofichwa ndani na mzungu mmoja aliyejipaka rangi ili aonekane kibarua wa Kiafrika. Kwa tendo hilo moja yafutika miezi yote ya kungoja, yafutika makaa, maji kupwa na kujaa, manowari bapa na ndege. Na kibaya zaidi, wale vibarua ambao filamu imekwisha kuwaonyesha wakivuta vyuma wanageuzwa kuwa vazi la kujifichia shujaa.

Kisa cha pili kimeungana na cha kwanza kwa chuma chenyewe. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati mpaka Kigoma, ambako iliunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Ilipewa mmoja wa mizinga ya Königsberg. Ili kuyapinga mamlaka ya Wajerumani ziwani, Waingereza walituma mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa kama meta 12. Kutoka Cape Town zilikwenda kwa reli mpaka Katanga. Na reli ilipokwisha, zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa watu. Wafanyakazi Waafrika walikata njia porini na kujenga zaidi ya madaraja 100. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini Götzen haikuguswa nazo hata mara moja. Kamanda wao, Spicer-Simson, aliiona akakataa kuishambulia. Ilizamishwa karibu na Kigoma na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916, baada ya mitambo yake kupakwa grisi kwa uangalifu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ilichukua abiria na mizigo kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lile.

The African Queen ya John Huston yatokana na kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Humo meli ya Wajerumani yaitwa Louisa, nayo yazama kwa kugonga mashua iliyopinduka, yenye topedo zilizotengenezwa kwa mitungi ya gesi na baruti za migodini. Katika kitabu mashua hiyo yazama bure kwa dhoruba, na meli ya Wajerumani yaangamizwa na mashua mbili za injini za Waingereza. Hivyo kitabu, ingawa nacho ni cha kubuni, kilibakiza kivuli cha Mimi na Toutou, na filamu ikakiondoa. Jiografia nayo imepotoshwa. Mashujaa wateremka mto Ulanga wakafika katika ziwa kubwa. Ulanga wa kweli, uitwao pia Kilombero, huungana na Luwegu kufanya Rufiji, na maji yake huishia katika Bahari ya Hindi. Ajabu ni kwamba kitu cha kweli kabisa katika filamu ni mashua yenyewe, kwa kuwa ilijengwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika kweli katika maziwa na mito ya sehemu hizi. Mwenye kuhesabu ataridhika nayo. Lakini mashua ya kweli imetiwa katika mto usiokwenda huko, ikazamisha meli ambayo haikuzamishwa na adui.

Yawezekana kujibiwa kwamba hizi ni hadithi za kujiburudisha, na msimulizi ana haki ya kubuni. Haki hiyo haikatazwi. The African Queen ni filamu iliyochezwa vizuri sana, na Humphrey Bogart alistahili tuzo ya Oscar aliyoipata kwayo. Lakini uhuru wa kubuni hupimwa kwa kule unakoelekea. Kama mabadiliko yangekuwa huku na huku, yangehesabiwa kuwa ya bahati. Katika filamu hizi mbili, zilizotengenezwa kwa tofauti ya miaka 25 na watu mbalimbali, yote yaelekea upande mmoja: kazi ya wengi yafanywa tendo la mmoja au wawili, na meli iliyozamishwa na wenyewe yafanywa meli iliyoshindwa na shujaa mgeni. Watazamaji wengi hawatasoma kitabu chochote juu ya vita vile. Kwao filamu ndiyo historia. Na watakachojifunza ni kwamba Waafrika walikuwapo kando ya mto, wakitazama.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba watu wa pwani hawakuwa na la kusema juu ya mambo hayo. Neno manowari, lililotoka katika Kiingereza, lilikwisha kukaa katika Kiswahili, na watu wa Unguja walikwisha kuonja mizinga ya vyombo hivyo tarehe 27 Agosti 1896. Waliovuta mitambo ya Königsberg kwenda Dar es Salaam na kurudi, na waliopitisha mashua juu ya Mitumba, walijua uzito wa manowari kuliko nahodha yeyote, maana waliibeba. Filamu itakayowapa wao nafasi itahitaji mambo machache ambayo sinema imekwisha kuonyesha kuwa yawezekana: ujasiri wa kumaliza hadithi bila mlipuko wa shujaa, kama walivyofanya Powell na Pressburger, na subira ya kuifuata meli baada ya kuzama, mpaka kwenye mizinga iliyotiwa magurudumu na kwenye Liemba iliyojaa abiria wa Kigoma. Hadi filamu ya namna hiyo itakapotengenezwa, hizi mbili na zitazamwe kwa uchezaji wake na mandhari yake. Lakini mwalimu atakayezionyesha darasani kama habari za vita vya 1914 hadi 1916 hana budi kuwaeleza wanafunzi wake kwanza ni nani waliozizamisha meli zile, na ni nani waliozibeba.