Kasulo Ndani ya Muhtasari

Muhtasari wa makala ya kisayansi husomwa na watu wengi kuliko makala yenyewe, kwa hiyo unastahili kuhakikiwa neno kwa neno, kama tunavyohakiki shairi. Nauchukua ule wa utafiti uliofanyika Kolwezi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa KU Leuven na wenzao, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability.

Mpangilio wake ni wa mchimbaji anayeshuka shimoni kisha akapanda. Unaanzia juu, kwenye soko la dunia na betri za magari ya umeme. Unateremka hadi Katanga, hadi Kolwezi, hadi mtaa mmoja uliogeuzwa machimbo ya kobalti, ambao ni Kasulo. Kisha unaingia kwenye damu na mkojo wa wakazi. Chini kabisa yuko mtoto: kwake ndiko tofauti ya kiwango cha kobalti na mtaa wa jirani uliolinganishwa ilikozidi, na kwake ndiko zilikoonekana dalili za madhara kwenye DNA. Kutoka hapo muhtasari unapanda tena kwenye biashara, lakini msomaji hafiki huko bila kumpitia mtoto huyo. Huo ni ufundi.

Tazama na vitenzi. Penye vipimo, waandishi wanatamka wazi kwamba wameonyesha. Penye madhara kwa jamii, wanasema uchimbaji huo huenda ukaleta madhara ya sumu. Waliopimwa Kasulo walikuwa watu 72, wakiwemo watoto 32. Wanatosha kuthibitisha kobalti mwilini, hawatoshi kutabiri maradhi. Kwa kuwa wamepima maneno yao hapo, hukumu yao ya mwisho dhidi ya biashara ya kobalti ilivyokuwa wakati huo inaaminika.

Kinachokosekana katika muhtasari ni mlipaji wa utafiti. Kwa desturi ya majarida mengi, taarifa ya fedha hukaa mwishoni mwa makala, mbali na muhtasari. Lualaba, jimbo la Kolwezi, ambako tathmini ya athari za mgodi hugharimiwa na kampuni yenyewe inayoomba kuchimba, desturi hiyo haitufai. "Huenda" ya mtafiti huru ni tahadhari. "Huenda" ya aliyelipwa na mwenye mgodi yaweza kuwa maficho, na sarufi peke yake haiwezi kututofautishia. Wahariri wa majarida, mtajeni mfadhili ndani ya muhtasari. Sentensi moja inatosha.