Ubalozi si Lelemama

Ukitaka kuona thamani ya mtu anayejua kusema, hudhuria posa Dabani, mpakani mwa Uganda na Kenya, hasa ile ambayo binti ni wa upande wa Uganda na kijana ni wa upande wa Kenya. Wazee wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, soda zimeshafunguliwa, na suala la idadi ya ng'ombe limeanza kupandisha watu sauti. Hapo mshenga anasimama. Anasalimu upya kana kwamba ndiyo kwanza amefika, anawataja marehemu wa koo zote mbili kwa majina, kisha anaomba watu wale kwanza. Ng'ombe hawataji kabisa. Wakishakula, wale waliokuwa wakikaripiana wanaulizana habari za mvua. Kwangu mimi, kazi ya balozi ni hiyo hiyo, ila badala ya ng'ombe kuna mipaka, madeni na roho za watu.

Eneo hili la mpakani limewalazimisha watu wake kuijua kazi hiyo. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa. Aggrey Awori, mwanariadha wa Busia aliyeruka viunzi katika Olimpiki za Roma na Tokyo, akawa balozi na kisha waziri wa Uganda. Nduguye Moody akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Baba yao ni mmoja.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni Paul Etiang, aliyezaliwa Tororo mwaka 1938. Aliiwakilisha Uganda London kuanzia 1969 hadi 1971, akarudi nyumbani kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje chini ya Idi Amin. Wahenga wamesema mjumbe hauawi. Katika Uganda ya miaka ile mjumbe aliuawa. Mwaka 1973 waziri wa mambo ya nje, Wanume Kibedi, alijiuzulu akabaki uhamishoni, na Etiang akakaimu nafasi yake. Baada yake akaja Michael Ondoga, ambaye mwaka 1974 alifukuzwa kazi, na muda si muda maiti yake ikaokotwa katika Mto Nile. Kati ya aliyekimbia na aliyeuawa, yuko mtu wa Tororo akisoma barua za mabalozi na kuzijibu kwa lugha ya adabu.

Wapo watakaouliza mtu mwema alitafuta nini katika serikali ile. Swali hilo ni la haki, wala silifuti. Ninachokiheshimu ni uwezo wa kupima neno wakati neno moja linaweza kukutoa roho, na bado ukaacha njia ya mazungumzo na majirani. Mwaka 1978 alikwenda Addis Ababa kuwa Katibu Mkuu Msaidizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akakaa hadi 1987. Katika kipindi hicho umoja huo ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya mgogoro wa Sahara Magharibi. Mwaka 1982 mkutano wa Tripoli ulishindikana mara mbili kwa kukosa akidi. Umoja wenyewe haukufa. Baadaye Etiang akawa Naibu Waziri Mkuu wa Tatu katika serikali ya Museveni.

Ufundi huu huonekana vizuri zaidi kwenye karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kuwagawanyia ndugu watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, mali na madeni: reli, bandari, ndege, posta. Ilichukua miaka saba. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 ulikuwa hati ya talaka, lakini katika ibara yake ya 14 wahusika walikubali kutafuta maeneo ya kushirikiana siku za mbele. Ibara hiyo hiyo inatajwa katika utangulizi wa mkataba wa 1999 ulioirudisha Jumuiya. Hebu fikiria: watu wanagawana mabehewa, na fundi anapenyeza ibara ya kuwapatanisha.

Januari 2008 Kenya ilipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, maelfu walivuka Busia na Malaba wakiwa na watoto na magodoro, wakapokewa katika kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Tarehe 1 Februari Ban Ki-moon, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Korea Kusini kabla ya kuongoza Umoja wa Mataifa, alifika Nairobi. Kwa cheo chake angeweza kukalia kiti cha mbele. Alikutana na pande zote mbili, akamuunga mkono hadharani msuluhishi, Kofi Annan, akaondoka na kumwachia meza. Kujua kwamba meza ni ya mwenzako ni nusu ya kazi hii, na wakubwa wengi hawaiwezi. Tarehe 28 Februari mahasimu wawili, Kibaki na Raila, wakatia saini makubaliano. Habari zikafika Mulanda. Baadhi ya waliokuwa pale walirudi makwao. Wengine waliwaogopa majirani zao kuliko walivyoiamini saini ile, wakahamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, humo humo Uganda.